Mana ya Siku ya Sita

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma habari ya mana ambayo Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani. Wengi wetu tuliisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, tukaishika kuwa mfano wa Ekaristi Takatifu, na ndivyo Bwana wetu Yezu Kristu alivyotufundisha. Lakini ndani ya habari hiyo mna jambo jingine ambalo twalipita upesi, nalo ni kipimo. Kila mtu aliagizwa aokote pishi moja kwa siku. Aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota chache hakupungukiwa. Wako waliofanya ujanja wa kuficha ya kesho. Ikaingia mabuu, ikanuka. Lakini siku ya sita waliokota maradufu, kwa kuwa siku ya saba ilikuwa ya kupumzika. Na mana ile ya siku ya sita, ijapokuwa ililala usiku kucha, haikuoza. Tena wako waliotoka siku ya saba kwenda kuokota nyingine, wasiione.

Leo twapenda kuitumia habari hiyo kusema na wale ambao siku yao ya saba imefika au imekaribia: walimu, wauguzi, makarani, askari, mafundi wa reli, watumishi wa viwanda na mashirika, waliofikia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, au 55 ya kustaafu kwa hiari. Twasema pia na wake zao, waume zao na watoto wao. Maana kustaafu si jambo la mtu mmoja, ni jambo la nyumba nzima.

Swali letu ni hili: je, mtu aweza kuishi uzeeni kwa raha na heshima akiwa na kipato kidogo? Twajibu bila kusita kwamba aweza. Lakini raha hiyo haitoki katika wingi wa fedha. Hutoka katika kukijua kipimo; na kipimo hakijulikani kamwe mpaka watu wa nyumba moja wawe wameambiana ukweli.

Huenda mzee mmoja akauliza: padre huyu ambaye hajafikia hata miaka arobaini, asiye na mke wala mtoto wa kumsomesha, atufundishe nini sisi tuliolea na kuzika? Swali hilo ni la haki. Basi, wazee wetu, hatuji kwenu na hekima ya uzee, kwa kuwa hatunayo. Twaja na mambo mawili tu: neno la Mungu, ambalo halina umri, na hesabu, ambayo haijali mhesabuji ni kijana au mzee.

HESABU YA MWALIMU

Tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya nchi yetu iliunganishwa ikabaki miwili mikubwa: PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF kwa watumishi wa sekta binafsi. Kanuni iliyoanza mwezi Julai 2022, inayojulikana na wote kwa jina la kikokotoo, iliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na sehemu iliyobaki ilipwe kidogo kidogo kila mwezi maisha yote ya mstaafu. Watu walinung'unika sana. Katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza nyongeza: asilimia 40 kwa wale ambao kabla ya kuunganishwa kwa mifuko walikuwa katika utaratibu wa asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa katika utaratibu wa asilimia 25.

Hatukusudii leo kuamua kama kanuni hiyo yatosha au haitoshi; wafanyakazi wanavyo vyama vyao vya kuwasemea. Twataka kutazama kile ambacho mstaafu anakipata mkononi. Tuseme yuko mwalimu aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kanuni huchukua miezi ile 360, ikaigawa kwa 580, ikazidisha kwa mshahara wa mwaka mzima, yaani shilingi 12,000,000. Yapatikana pensheni ya mwaka ya shilingi 7,448,000 na kitu. Ili kupata mkupuo, pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5, ikachukuliwa asilimia 40. Basi mwalimu wetu atapokea mkupuo wa shilingi 37,241,000 hivi, na baada ya hapo pensheni ya shilingi 372,000 hivi kila mwezi.

Sasa, msomaji, shika kalamu. Gawa ule mkupuo kwa ile pensheni ya mwezi. Jibu ni 100. Maana yake, mkupuo wa mwalimu huyu ni sawa na riziki yake ya miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Anayezipokea fedha hizo akiwa na miaka 60, akazimaliza kwa mwaka mmoja, amekula katika mwaka mmoja chakula ambacho kingemfikisha miaka 68. Nani kati yetu angeweza kuketi mezani asubuhi moja akala chakula cha miaka minane? Angekufa. Lakini kwa kuwa fedha haziumizi tumbo, mtu hula tu, na maumivu huja baadaye, wakati ambapo hakuna tena wa kumwuguza.

Wazee wetu, tazameni jinsi fedha hizi zilivyo mafungu mawili, wala yasichanganywe. Pensheni ya mwezi ni pishi moja ya kila siku: ni ya kuliwa, haina haja ya kufichwa wala kuonewa haya. Mkupuo, ambao wengine hukiita kiinua mgongo, ni mana ya siku ya sita. Huo uliokotwa kwa jasho la miaka 30 kwa ajili ya Sabato yenu, na Mungu mwenyewe aliruhusu akiba ya namna hiyo ilale bila kuoza. Kuiweka si uchoyo wala si kukosa imani. Kuitapanya ndiko kumdharau yeye aliyetoa.

WANAOTOKA SIKU YA SABA

Lakini twaona nini? Twaona wastaafu wengi wakitoka siku ya saba kwenda kuokota upya, kana kwamba miaka 30 ya kazi haikuwa kazi. Mwalimu ambaye hakupata kufuga hata kuku wawili hujenga banda la kuku elfu moja. Karani asiyejua injini hununua basi dogo la abiria, akalikabidhi kwa kijana asiyemjua. Mwingine huanza nyumba ya vyumba saba, wakati watoto wamekwisha oa na kuolewa na waliobaki nyumbani ni yeye na mkewe. Fedha zikaishia kwenye linta, na kila apitaye humwona amekaa chini ya kuta zisizo na paa. Bwana wetu alikwisha tuonya juu ya mtu aliyeanza mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama, akawa kichekesho cha jirani zake.

Hatusemi kwamba mstaafu asifanye kazi. Hasha! Bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, mbuzi wachache, migomba michache, masomo ya jioni kwa watoto wa jirani, hizo ni kazi zinazofaa nguvu za mzee na kumpa afya. Tunachosema ni kwamba fedha za kumlisha mtu zisitumiwe kujifunzia biashara. Anayetaka kujaribu biashara aanze akiwa na miaka 45, kwa fedha ndogo, wakati ambapo mshahara bado waingia na kosa bado laweza kurekebishwa.

Wabaya kuliko wote ni wale wanaomngoja mstaafu mlangoni. Wako wanaomwambia alete milioni tano leo achukue kumi baada ya miezi mitatu. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha mchezo wa upatu wa DECI, watu wengi sana walikuwa wamekwisha weka humo akiba zao. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imebadili majina na mavazi, na sasa huja kwa simu ya mkononi. Lakini tabia yake ni ile ile. Mtu akikuahidi faida kubwa, ya haraka, isiyo na hatari yoyote, jiulize kwa nini anakuita wewe badala ya kuifaidi mwenyewe.

Wako pia wakopeshaji ambao watu wa mitaani wamewapa jina linalowafaa, kausha damu. Hao humkopesha mstaafu, wakachukua kadi yake ya benki na namba yake ya siri kuwa dhamana, na kila mwezi hutangulia kwenye mashine kabla yake. Mzee aliyelitumikia taifa miaka 30 hubaki akiomba nauli ya kwenda hospitali. Twasema wazi kwamba anayefanya hivyo avunja amri ya saba ya Mungu, hata kama amekupa karatasi ya mkataba. Na kama ni Mkristu, asidhani kwamba sadaka yake ya Dominika yaisafisha riba hiyo. Nawe, mzee, kadi yako ya benki usiitoe mkononi mwako, hata kwa ndugu.

Basi mkupuo uwekwe wapi? Hatuna ruhusa ya kumchagulia mtu, lakini twaweza kutaja milango iliyo wazi. Kwanza, lipa madeni, maana deni ni tundu chini ya mtungi. Pili, maliza nyumba ndogo unayoweza kuikamilisha. Asiyelipa kodi ya pango amejiongezea pensheni. Tatu, weka fedha ya dharura mahali unapoweza kuichukua upesi, katika benki au katika chama cha kuweka na kukopa ambacho unawajua viongozi wake na unakisoma kitabu chake cha hesabu. Nne, kwa sehemu isiyohitajiwa karibuni, ziko hatifungani za Serikali, ambazo mwananchi aweza kuzinunua kupitia benki au wakala kuanzia shilingi 1,000,000, na hulipa riba kila miezi sita. Iko pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayosimamiwa kisheria. Faida yake si ya kumtajirisha mtu kwa usiku mmoja. Na hilo ndilo jambo jema ndani yake.

PISHI MOJA KWA MWEZI

Turudi kwa pensheni ya kila mwezi. Shilingi 372,000 ukizigawa kwa siku 30 hupata shilingi 12,400 kwa siku. Ni kidogo? Kwa mtu aliyezoea shilingi milioni moja ni kidogo kweli. Lakini waweza kuipanga. Kwa mfano tu, watu wawili wenye nyumba yao, wasio na deni, waweza kutenga shilingi 150,000 za chakula. 50,000 za mkaa au gesi, umeme na maji. 40,000 za dawa. 30,000 za nauli na simu. 30,000 za mavazi na matengenezo ya nyumba. 30,000 za zaka, sadaka na misiba. Na 42,000 zikawa akiba. Jumla yake ni 372,000 kamili. Kila nyumba itabadili mafungu haya kwa kadiri ya mahali na mahitaji yake. La maana ni kwamba mafungu yawepo, yaandikwe daftarini, na fungu moja lisiibe la jingine.

Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba amejifunza kuridhika katika hali yoyote aliyo nayo. Angalieni neno hilo: amejifunza. Kuridhika si tabia tunayozaliwa nayo, ni somo. Na somo hilo halianzi siku ya kukabidhi funguo za ofisi. Yeye aliyeshindwa kuishi ndani ya mshahara wake hataweza kuishi ndani ya pensheni. Kwa hiyo wewe mwenye miaka 50, jaribu mwaka huu kuishi mwezi mmoja kwa kiasi kile utakachopata ukistaafu, na fedha zinazobaki uziweke. Utajua mapema ni kipi ulichokiita haja kumbe kilikuwa mazoea.

Tena usikawie kutazama haki zako. Peleleza sasa kama michango yako yote imepelekwa, maana pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na barua ya ajira. Uliza haki yako na ya mwenzi wako katika bima ya afya. Andikisha wategemezi wako. Na ukisha staafu, fika kwenye uhakiki kwa wakati. Barua moja iliyopotea yaweza kumchelewesha mtu miezi mingi akiwa hana kitu.

MKE ASIYEJUA, MUME ASIYESEMA

Sasa tufike mahali penye kidonda. Katika nyumba nyingi za Wakristu mume na mke wamelala kitanda kimoja miaka 35, lakini mke hajui mumewe alilipwa nini, wala mume hajui mkewe ana nini katika kikundi chake cha akina mama. Siku mkupuo unapoingia, kila mmoja huanza kumvizia mwenzake. Mume huficha kwa sababu anaogopa ndugu za mke. Mke huogopa kwamba fedha zitaishia kwenye pombe au kwa mwanamke mwingine. Na, kwa uchungu, twakiri kwamba mara nyingi hofu hiyo si ya bure. Wako wanaume walioishi kwa heshima mpaka miaka 60, wakaiharibu ndoa yao katika miezi sita ya mkupuo.

Sakramenti ya Ndoa huwafanya wawili kuwa mwili mmoja. Je, mwili mmoja waweza kuwa na mifuko miwili isiyojuana? Mkono wa kuume ukificha chakula mkono wa kushoto usikione, kinywa kitakufa njaa. Twawasihi wazee wetu: kabla ya siku ya kustaafu, ketini wawili, salini Baba Yetu, kisha wekeni mezani kila karatasi, ya fedha na ya madeni. Mtakapofika mahali pa kuomba mkate wetu wa kila siku, kumbukeni kwamba Bwana alitufundisha kusema "wetu", hakutufundisha kusema "wangu".

Baada ya hapo waiteni watoto. Si lazima waambiwe kila senti, lakini waambiwe kipimo: kwamba baba na mama watapata kiasi fulani kwa mwezi, na kwamba akiba iliyopo ni ya uzee wao, si urithi unaogawanywa wenyewe wakiwa hai. Kusema hivyo si ukali. Yule kijana mpotevu aliyeomba sehemu yake mapema aliitapanya katika nchi ya mbali. Na baba yake, kama asingalibaki na kitu, asingalikuwa na ndama wa kuchinja siku mtoto aliporudi.

NENO KWA WATOTO

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, amri ya nne ya Mungu haikuishia utotoni. Yoshua bin Sira afundisha katika sura ya 3 kwamba mtoto amsaidie baba yake katika uzee wake, wala asimdharau hata kama akili zake zimepungua. Na Bwana wetu, katika Injili ya Marko sura ya 7, aliwakemea vikali wale waliojifanya kuiweka wakfu mali yao kwa Mungu ili wapate njia ya kutowasaidia wazazi. Sembuse yeye asiyeiweka wakfu kwa Mungu wala kumpa mzazi, bali anakuja na barua ya mradi kuuomba mkupuo wa baba yake!

Mtoto mwenye nguvu na kazi anayemwambia baba yake, "Nipe mtaji, nitakurudishia," ajiulize mbele ya Mungu kama ana njia ya kurudisha. Kama hana, basi si mkopo anaoomba. Ni kula miaka ya mzazi wake. Kadhalika wale wanaowaachia bibi na babu wajukuu wanne watano, bila kutuma hata sukari. Wajukuu ni baraka na furaha ya uzee, lakini nao hula, huvaa, na huhitaji madaftari. Ukimpelekea mama yako mtoto wa kulea, mpelekee na chakula cha mtoto.

HAKI KABLA YA KURIDHIKA

Ingekuwa dhambi kwetu kuwahubiria wazee kuridhika, tukawanyamazia wale wanaowanyima haki yao. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa mfanyakazi wapasa kumtosha mtu mwenye kiasi kuishi maisha yanayofaa. Kwa hiyo, mwajiri anayekata mchango katika mshahara asiupeleke kwenye mfuko, huyo ameiba mara mbili: ameiba leo, na ameiba uzee. Mtume Yakobo aonya, katika sura ya 5 ya waraka wake, kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana.

Neno hili latuhusu hata sisi katika Kanisa na katika nyumba zetu. Yuko katekista aliyetembea kwa miguu vigango vyote kwa miaka 25. Yuko mlinzi wa parokia. Yuko mpishi wa masista. Yuko binti aliyelea watoto wako mpaka wakamaliza shule. Je, nani anawawekea mana yao ya siku ya sita? Kumshukuru mtu kwa makofi siku ya kumwaga, tukampa blanketi na redio, hakutoshi kama miaka yote hiyo hatukumchangia. NSSF yapokea pia waliojiajiri na wale wa sekta isiyo rasmi. Halmashauri za parokia zijadili jambo hili katika vikao vyao, si siku katekista atakapoanguka, bali mwaka huu.

Tena tukumbuke kwamba wazee wengi wa nchi yetu hawana pensheni yoyote. Ni wakulima, wavuvi, wafugaji, akina mama wa sokoni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Na Zanzibar, tangu mwaka 2016, ilianza kuwapa wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwezi ilipoanza. Hizo ni hatua njema. Lakini mzee wa kijijini bado hutegemea shamba lake, watoto wake na jirani zake. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinawajua wazee hao kwa majina. Yule mstaafu mwenye shilingi 372,000 akitazama upande huu atajiona tajiri, na fungu lake dogo la sadaka litajua njia ya kwenda.

SABATO YENYEWE

Tumesema mengi ya fedha, lakini Sabato haikuwekwa kwa ajili ya mana; mana iliwekwa ili Sabato iwezekane. Mungu aliwapa watu mkate wa siku mbili ili wapate kupumzika mbele yake. Basi na wewe, mzee wetu, ulichookota siku ya sita ni kwa ajili ya nini? Je, ni ili uketi barazani ukihesabu waliokusahau?

Mtakatifu Luka atusimulia juu ya Ana nabii, mjane wa miaka 84, asiyetoka Hekaluni usiku na mchana. Hatusomi kwamba alikuwa na mali. Lakini alikuwa na nafasi, na kwa kuwa alikuwa na nafasi, siku Mtoto Yezu alipoletwa, Ana alikuwapo. Vijana wenye shughuli hawakuwapo. Ndiyo sababu Papa Fransisko, mwaka 2021, aliiweka Dominika ya nne ya Julai kuwa Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Akitaka Kanisa zima likumbuke kwamba wazee si mzigo uliobaki, ni mizizi inayoushika mti.

Wewe una kitu ambacho waziri hana wala tajiri hana: asubuhi isiyo na haraka. Waweza kwenda Misa ya siku za kazi. Waweza kumfundisha mjukuu Rozari na kusoma. Waweza kumtembelea mgonjwa ukakaa naye saa mbili bila kutazama saa. Waweza kuwapatanisha vijana waliooana juzi, kwa kuwa unajua ni ugomvi gani wa kupuuzwa na ni upi wa kushikwa mapema. Kazi hizo hazilipwi, wala hazikupunguzii hata senti moja.

Basi, wazee wetu, twawaachia kazi moja ya kufanya juma hili. Jumamosi, siku ya sita, baada ya chakula cha jioni, mume na mke waketi na daftari moja. Ukurasa wa kwanza waandike kiingiacho. Ukurasa wa pili waandike kitokacho. Ukurasa wa tatu waandike kila mtu waliyemwahidi fedha, na mbele ya kila jina waandike ndiyo au hapana, wakikubaliana wote wawili. Kisha wasali pamoja na kulala. Kesho yake ni Dominika; waende Misa wakiwa na moyo mwepesi, bila kufichana kitu.

Mungu aliyewalisha watu wake jangwani miaka arobaini awape wazee wetu wote mkate wa kutosha, nyumba yenye amani, na watoto wenye shukrani. Na siku ile ya mwisho awakaribishe katika Sabato isiyo na jioni. Amina.

Mhariri